Dozi imekwisha, tumbo limegoma

Shikamoo mama,

Mwezi uliopita jino la nyuma liliniuma hadi taya likavimba, nikawa siwezi hata kufunga mdomo vizuri. Daktari wa meno alinianzishia amoksilini yenye klavulaniki. Uvimbe ukagoma, akanibadilishia klindamaisini. Baadaye jino likang'olewa, uvimbe ukaisha, nikamshukuru Mungu. Kumbe tatizo lilikuwa linahamia tumboni.

Tangu katikati ya ile dozi ya pili choo changu hakieleweki. Naenda mara mbili asubuhi, siku nyingine mara tatu, laini, hakina umbo. Ikifika mchana tumbo limejaa gesi hadi nalegeza kifungo cha sketi chini ya meza ya ofisini. Kwenye vikao linanguruma mpaka watu wananigeukia. Maziwa ambayo nimeyanywa maisha yangu yote, sasa nikimaliza kikombe tu naanza kusokotwa. Dozi niliiacha zamani kidogo, hii ni wiki ya tatu. Sina homa wala sijaona damu. Na samahani kwa kulisema hili hadharani: sehemu za siri nazo zinawasha.

Kila mtu ana lake. Mume wangu anasema ni mawazo tu. Dada yangu kaninunulia chupa ya vidonge vya probiotiki, yaani bakteria wazuri wa kumeza, iliyoandikwa "bilioni 50", nimevimeza siku kadhaa sijaona tofauti. Rafiki yangu anauza dawa ya kusafisha utumbo, ananiambia sumu za antibiotiki zimegandia kwenye kuta za utumbo, nisipozitoa zitanimaliza taratibu. Wifi yangu ndiye aliyeninyima usingizi: kasoma mahali kwamba ukitumia antibiotiki mara moja, bakteria wako wazuri hawarudi tena maisha.

Kwa sasa nakula wali mweupe na mkate mweupe, basi. Maharage na mboga nimeviacha maana naona vinaongeza gesi. Pia kipindi cha dozi kifua kilikuwa kinaniunguza, nikanunua omeprazoli mwenyewe, na mpaka leo naimeza kila asubuhi.

Niambie ukweli mama. Tumbo langu limeharibika moja kwa moja? Hivi vidonge vya dada niendelee navyo? Nile nini? Na vile vidonge sita vya klindamaisini vilivyobaki, kwa sababu niliacha tumbo lilipozidi, nimevitunza endapo jino lingine litaanza. Nimefanya vibaya?

Ni mimi, Matumbo Joto

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Maswali yako nitayajibu, ila kuna mambo hukuniuliza ambayo hayawezi kungoja, naomba nianze nayo.

Umeandika klindamaisini. Sisi tunaokaa nyuma ya kaunta ya dawa, mtu akitaja dawa hiyo halafu akataja kuharisha, masikio yanasimama. Yupo bakteria anaitwa Clostridioides difficile. Anaweza kukaa ndani ya mtu akiwa amejifungia kwenye ganda gumu, hafanyi lolote, kwa sababu bakteria wengine wanambana. Wale wengine wakifagiwa na antibiotiki, anaamka, anazaana na kutoa sumu inayochubua utumbo mpana. Antibiotiki nyingi zinaweza kumfungulia mlango, lakini klindamaisini iko kwenye safu ya mbele pamoja na jamii ya siprofloksasini na baadhi ya sefalosporini. Na hatari haiishi siku unapomeza kidonge cha mwisho. Inaendelea kwa wiki kadhaa, hadi kama miezi mitatu.

Kipimo tunachotumia ni rahisi: choo laini au cha maji mara tatu au zaidi ndani ya saa 24, bila sababu nyingine inayoeleweka. Wewe siku nyingine unafika mara tatu. Uko mpakani, na mimi mtu wa mpakani simwambii asubiri. Wiki hii nenda kituo cha afya, mweleze daktari ulitumia antibiotiki gani na lini, na uombe choo kipimwe bakteria huyu. Peleka kile laini kinachokaa kwa umbo la kikopo, maana kilichoshikana maabara huwa hawakipimi kwa ajili hiyo. Ikitokea kabla ya hapo choo kikawa maji matupu, ukapata homa, ukaona damu, au tumbo likauma na kuvimba likawa gumu, usihesabu tena mara ngapi. Nenda siku hiyohiyo. Na dawa za kufunga kuharisha usizimeze kwanza mpaka majibu yatoke, kwa sababu zinaweza kuifungia ile sumu ndani.

Sikutishi. Kuharisha kunakoletwa na antibiotiki mara nyingi hakuhusiani na bakteria huyu, na kwa kuwa huna homa wala damu, nategemea utarudi na majibu safi. Lakini kipimo kipo, na ukiwa naye anatibika kwa dawa yake maalumu. Sioni sababu ya kubahatisha.

La pili ni omeprazoli. Dawa za kupunguza asidi zinaipunguzia nguvu ile tindikali ya tumboni inayoua vijidudu vinavyoingia na chakula, na wanaozitumia wamekuwa wakionekana kumpata huyu difficile kwa wingi zaidi. Halafu nina wasiwasi na chanzo cha kile kiungulia chako. Kapsuli ya klindamaisini ikimezwa kwa funda moja la maji halafu mtu akajilaza, inaweza kukwama kwenye umio na kuuchoma. Ndiyo maana tunasisitiza glasi nzima ya maji na kukaa wima angalau nusu saa. Kama ni hivyo, sababu ya omeprazoli iliondoka pamoja na dozi. Muulize daktari siku hiyohiyo ya kipimo kama kuna haja ya kuendelea nayo.

La tatu ni mikono. Ile jeli ya spiriti inayokaa kwenye mkoba haiui lile ganda gumu. Mpaka majibu yatoke, ukitoka chooni ni sabuni na maji yanayotiririka, usugue kweli.

Sasa tuje kwenye tumbo lenyewe, maana nadhani ukielewa kilichotokea utapunguza hofu.

Ndani yako kuna bakteria wanaokadiriwa kufikia trilioni 38, idadi inayokaribiana na ya seli zako mwenyewe, ingawa wote kwa pamoja hawafiki hata robo kilo. Walio wengi wanaishi utumbo mpana. Chakula chao ni kile ambacho wewe huwezi kukisaga, yaani nyuzinyuzi na wanga mgumu. Wanakichachusha na kutoa asidi fupi za mafuta, mojawapo ni butireti, ambayo seli za ukuta wa utumbo mpana huitumia kama nishati yao kuu. Seli hizo zikiwa na nguvu hunyonya maji na chumvi kutoka kwenye mabaki ya chakula, na choo kinapata umbo. Antibiotiki ilipopita ikawapunguza wale wachachushaji, butireti ikashuka, unyonyaji wa maji ukazorota, na ile wanga ambayo haikuchachushwa ikabaki inavuta maji upande wake. Hapo ndipo ulipopata choo cha asubuhi kisicho na umbo. Gesi na kunguruma ni bakteria waliobaki, au waliowahi kurudi, wakifanya kazi bila uwiano waliouzoea. Na amoksilini yenye klavulaniki, uliyoanza nayo, inajulikana kwa kulivuruga tumbo kuliko amoksilini tupu.

Kwa hiyo mwambie mume wako kwamba mawazo hayapo peke yake hapo. Kuna kazi ya kemia iliyosimama.

Maziwa nayo yana maelezo yake. Kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa kinatengenezwa kwenye ncha kabisa za vijinyweleo vya utumbo mwembamba, na kuharisha kwa siku nyingi kunaweza kuzichakaza ncha hizo. Sukari isiyovunjwa inashuka hadi utumbo mpana na kukusokota. Kwa wengi hali hiyo hupita yenyewe baada ya wiki chache. Maziwa matupu yaache kwa sasa, jaribu mtindi, kwa sababu bakteria waliomo ndani yake wanakusaidia kuivunja sukari hiyo. Baada ya kama mwezi jaribu tena nusu kikombe cha maziwa pamoja na chakula, uone.

Wifi yako ameshika nusu ya habari. Mwaka 2018 watafiti wa Copenhagen, Denmark, walichapisha kazi yao kuhusu wanaume 12 wenye afya waliopewa antibiotiki tatu kali kwa mkupuo, zile ambazo hospitali huziweka kama akiba ya mwisho, kwa siku 4. Bakteria wao walianguka vibaya. Baada ya mwezi mmoja na nusu jamii ile ilikuwa imerudi karibu na ilivyokuwa mwanzo. Lakini hata baada ya siku 180, aina 9 ambazo wote walikuwa nazo kabla ya dawa zilikuwa bado hazionekani kwa wengi wao. Kwa hiyo kurudi kupo, tena kwa kasi kuliko wanavyodhani walioandika hayo aliyoyasoma, ila kurudi kwa asilimia mia hakuna anayeweza kukuahidi. Hilo liwe sababu ya kuheshimu antibiotiki. Lisikunyime usingizi, hasa kwa dozi uliyoihitaji. Taya lililovimba kwa usaha si jambo la kulitibu kwa subira, maambukizi ya hapo yanaweza kuteremka shingoni.

Sasa chupa ya dada. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa za watu zinapoishia.

Kuna maswali mawili yanayochanganywa. La kwanza: je, probiotiki zikimezwa *wakati* mtu yuko kwenye antibiotiki zinapunguza kuharisha? Ushahidi unaelekea ndiyo. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia majaribio ya tiba, yaliyokusanya majaribio 31 yenye watu zaidi ya 8,600 yaliona kwamba kuharisha kwa difficile kulishuka kutoka takribani asilimia 4 hadi 1.5, na faida kubwa ilikuwa kwa wale ambao hatari yao ilikuwa kubwa tangu mwanzo. Mojawapo ya zinazotumika ni Saccharomyces boulardii, ambayo wala siyo bakteria: ni hamira, ukoo mmoja na ile ya mikate, na kwa sababu hiyo antibiotiki haiiui. Ungeniuliza siku ulipoandikiwa klindamaisini, huenda ningekuambia anza nayo.

La pili ndilo lako: je, zikimezwa *baada ya* dozi zinawarudisha haraka bakteria wangu? Hapa hadithi inageuka. Mwaka huohuo wa 2018 Eran Elinav na Eran Segal wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walitoa matokeo yaliyowaudhi wengi. Walichukua watu 21 wenye afya, wakawapa antibiotiki mbili, siprofloksasini na metronidazoli, kwa wiki moja, kisha wakawagawa makundi matatu. Kundi moja liliachwa bila kitu. La pili lilipewa probiotiki yenye aina 11 za bakteria. La tatu walirudishiwa choo chao wenyewe kilichohifadhiwa kabla ya dawa. Wa choo chao walirudi katika hali yao ndani ya siku chache. Walioachwa walirudi taratibu ndani ya wiki chache. Waliomeza probiotiki ndio waliochelewa kuliko wote, hata miezi kadhaa baadaye walikuwa hawajawa kama zamani. Wale bakteria wa kwenye chupa walifika wakakalia viti vyote sebuleni, wenyeji wakirudi wanakuta hakuna pa kukaa.

Ni utafiti mdogo, na bidhaa iliyojaribiwa ilikuwa moja. Sisemi vidonge vya dada vimekudhuru. Ninachosema ni kwamba mtu anayekuuzia chupa kwa maneno "inajenga upya bakteria wako baada ya antibiotiki" anasema jambo ambalo majaribio hayajamuunga mkono. Ile "bilioni 50" haina uzito wowote kama hujui ni aina gani na ilijaribiwa kwa tatizo gani. Umevimeza na huoni tofauti, basi viache, bila kumgombeza dada. Alikutendea kwa upendo. Na kama nyumbani kuna mtu mwenye kinga dhaifu, anayetibiwa saratani, au aliyewekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, chupa hiyo isimfikie bila daktari kujua. Kwa watu wa namna hiyo vijidudu hivi, hamira ikiwemo, vimewahi kuingia kwenye damu.

Chakula, hapo ndipo nguvu yako ilipo. Na hapo ndipo ulipojifunga mwenyewe bila kujua.

Wali mweupe na mkate mweupe vilikufaa siku za kuharisha sana. Lakini wanga wa namna hiyo unasagwa na kunyonywa karibu wote juu huko, kwenye utumbo mwembamba. Kinachofika chini kwa bakteria ni kidogo mno. Umekaa wiki kadhaa ukiwanyima chakula haohao unaowasubiri warudi. Gesi uliyoiona baada ya maharage ilikuwa ya kweli, siikatai, ila ilitokana na kiasi. Umewamwagia sahani nzima wachachushaji wachache.

Rudi kwa vijiko. Vijiko viwili vya maharage au dengu zilizolowekwa usiku kucha, maji yale ya kulowekea yakamwagwa, zikapikwa mpaka ukizibana kwa vidole zinapondeka. Kula kiasi hicho siku tatu nne. Tumbo likitulia, ongeza kijiko. Likijaa, rudi nyuma kijiko kimoja, usirudi hadi sifuri. Oti za kupikwa zinavumilika mapema, kwa sababu nyuzinyuzi zake ni za ute na hazipigi gesi kwa kishindo. Karoti na boga vilivyoiva vizuri, sawa. Ndizi ambayo haijaiva sana ina wanga mgumu unaofika chini mzimamzima. Viazi ulivyochemsha jana vikapoa navyo hupata wanga wa aina hiyo, na hata ukivipasha leo haupotei wote. Wali wako uliolala kwenye friji ni hivyohivyo, ila uuingize kwenye friji mapema ukishapoa, usiuache mezani usiku kucha. Kitunguu na kitunguu saumu bakteria wanavipenda sana, na kwa sababu hiyohiyo ndivyo vinavyochachuka upesi na kukujaza. Viweke wiki za baadaye.

Lengo la mbele ni kama gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza kwa mtu mzima. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva ina gramu 6 hadi 8, kwa hiyo si mlima. Ila huo ni mwendo wa mwezi, usiukimbilie wikiendi hii. Na changanya mimea: kila aina ya bakteria ina nyuzinyuzi inayoipenda, mtu anayekula maharage matupu kila siku analisha kundi lilelile.

Vilivyochachushwa je? Mwaka 2021 kundi la Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, la akina Justin Sonnenburg na Christopher Gardner, liliwafuatilia watu wazima 36 kwa wiki 10. Nusu walikula nyuzinyuzi nyingi, nusu walikula vilivyochachushwa: mtindi, kefiri (maziwa ya kuchachushwa ya kunywa), mboga za kuchachushwa na kadhalika. Kundi la pili lilipata aina nyingi zaidi za bakteria, na viashiria vya uvimbe kwenye damu vikashuka. Kundi la nyuzinyuzi, kwa muda ule, aina hazikuongezeka kwa wastani, pengine kwa sababu huwezi kuwalisha waliokwisha kuondoka. Hawa hawakuwa wagonjwa waliotoka kwenye antibiotiki, kwa hiyo sikukopeshi matokeo yao kama yalivyo. Lakini mtindi usio na sukari, kikombe kwa siku, haukugharimu chochote kiafya na unalainisha lile suala la maziwa. Soma kopo: lazima liseme bakteria wamo hai. Kabichi iliyochachushwa kwa chumvi inahesabika. Achari iliyolowekwa kwenye siki haihesabiki, na kitu kilichochemshwa baada ya kuchachuka wamekufa wote, umebaki na ladha.

Maji kunywa kwa kiu yako na kidogo zaidi. Siku ukiharisha kuliko kawaida, ile pakiti ya ORS, iliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa nyuma yake. Watu wanaikoleza wakidhani itafanya kazi haraka, kumbe wanaongeza kuharisha. Pombe iache kwanza. Tembea, lala.

Rafiki yako wa dawa ya kusafisha. Klindamaisini hutolewa mwilini kwa sehemu kubwa ndani ya siku moja mbili baada ya kidonge cha mwisho, na ini na figo zako zilishamaliza kazi hiyo. Hakuna kilichogandia kwenye kuta. Ukuta wenyewe wa utumbo hubadilisha seli zake za juu kila baada ya siku chache, hata kama kingegandia kingeng'oka nao. Nyingi ya dawa hizo ni za kuharisha tu, na wewe kuharisha unako bure. Ukinunua, utaondoa maji, chumvi na hao bakteria wachache waliokwisha kurudi. Mwambie asante, urafiki ubaki.

Kuwashwa huko chini usikuonee aibu, tunakusikia kila siku. Bakteria wanaolinda uke nao huguswa na antibiotiki, na fangasi aitwaye kandida hupata nafasi. Ukiona uchafu mweupe mzito usio na harufu kali, klotrimazoli, dawa ya fangasi, kwa kawaida hulimaliza tatizo. Ukiona rangi ya kijani au kijivu, harufu ya shombo, au maumivu ya chini ya kitovu, hilo ni jambo jingine linalohitaji kuchunguzwa. Mtajie daktari siku hiyo ya kipimo, asikupe antibiotiki ya kubahatisha ukaanza upya. Na mtindi ni wa mdomoni, usiupake huko chini.

Vile vidonge sita: ndiyo, umefanya vibaya kuvitunza. Kuviacha tumbo lilipochafuka ni jambo la kumpigia simu aliyekuandikia, angeweza kukubadilishia, au kukuambia inatosha kwa kuwa jino limeshatoka. Kwa jipu la jino, kulitoa jino au kuutoa usaha ndiyo tiba kubwa, dawa ni msaidizi. Jino lingine likiuma, vidonge sita haviwezi kutibu kitu. Vitakutuliza siku mbili, jipu liendelee chini kwa chini, na tumbo lako, ambalo halijapoa, lipigwe tena. Virudishe duka la dawa waviharibu kwa niaba yako. Usivimwage chooni.

Mpe tumbo muda. Kama kipimo kitatoka safi na ukaanza chakula kwa vijiko, nategemea ndani ya wiki tatu nne choo kiwe kimeanza kushika umbo, gesi ikachelewa zaidi. Usitishike na siku moja mbaya katikati. Ikipita wiki ya sita hujaona nafuu, au unapungua uzito bila kutaka, au choo kinakuamsha usingizini, rudi ukachunguzwe upya. Wapo ambao antibiotiki au maambukizi huwaachia utumbo wenye hasira kwa miezi, na hao wana matibabu yao. Vile vipimo vya kutuma choo wakakuchorea rangi za bakteria zako usinunue: hakuna kiwango kilichokubaliwa cha jamii ya bakteria iliyo "sawa", kwa hiyo majibu hayo hayatabadilisha sahani yako.

Na siku nyingine utakapoandikiwa antibiotiki, maana itatokea, muulize daktari maswali matatu kabla hujanyanyuka kitini: ni bakteria kweli au ni virusi? Ipo inayolenga aina chache zaidi za bakteria? Siku chache kabisa zinazotosha ni ngapi? Kisha mwambie klindamaisini ilikufanya nini, aandike kwenye faili lako.